Ndege ya Guangzhou imesogezwa siku mbili, ejenti anataka nichukue vocha, nifanyeje?

mama_mapazia

Salaam ndugu zangu humu ndani, naomba mnisaidie kabla sijakosea maana nimelala vibaya. Mimi nina duka Kikuubo hapa Kampala, nauza mashuka na mapazia, na kila mwaka naenda Guangzhou kuchukua mzigo. Mwaka huu nilitaka niwahi maonesho ya biashara ya Canton kulekule, ile awamu ya tatu ya Mei 1 hadi 5 ambayo ndo ya nguo na vitambaa vya nyumbani, kwa hiyo nikakata tiketi mapema tangu Januari kwa ejenti wangu hapa mjini, shilingi milioni 4 na laki 2 za Uganda kwenda na kurudi, kutoka Entebbe Aprili 28 jioni, nabadilisha ndege mara moja njiani, nafika Aprili 29 usiku. Siku nzima ya 30 nipumzike, nichukue kadi ya kuingilia, tarehe moja asubuhi niko mlangoni.

Jana baada ya isha nafungua simu nakuta imeili ya shirika, ratiba imebadilika. Sasa eti naondoka Aprili 30 usiku, pale pa kubadilishia ndege nakaa masaa 19, nafika Mei 2 usiku. Yaani siku mbili za kwanza za maonesho zimeshaondoka na wanaojua watawaambia, siku ya kwanza na ya pili ndo wenye viwanda wanapokea oda kwa bei nzuri, ikifika ya nne wameshajaza vitabu.

Chini ya hiyo imeili kuna vibonyezo viwili, kimoja kimeandikwa kubali, kingine wasiliana nasi. Sijabonyeza chochote. Asubuhi nimempigia ejenti ananiambia "Hajati, bonyeza tu kubali, au nikuchukulie vocha ya kukatia tiketi nyingine ndani ya mwaka mmoja badala ya hela, tiketi yako ni ile ya bei nafuu hairudishiwi hela." Nikamuuliza kama anaweza kunitafutia ndege nyingine ya tarehe ileile akasema inawezekana ila niongeze dola 180. Mimi ndo nimebadilisha tarehe? Na hoteli kule nimeshalipia siku sita, hairudishwi.

Jirani yangu dukani ananishauri nisigombane nao, nipande basi hadi Nairobi nikate ndege nyingine kule ya kwenda tu, halafu wakati wa kurudi nitumie hii tiketi yangu upande wake wa kurudi. Hili nalo mnalionaje? Bado kuna wiki tano. Jina la shirika sitalitaja, nataka tu kujua haki yangu iko wapi.

ejenti_mstaafu

Hajati, kwanza umefanya vizuri kabisa kutobonyeza. Usibonyeze. Nimekaa kaunta ya tiketi miaka 11 kabla sijaacha hiyo kazi, na watu wengi wanaopoteza haki zao wanazipoteza hapo hapo kwenye hicho kibonyezo, usiku, na simu iko asilimia nane. Ukishakubali, kwa shirika wewe umeridhika, habari imeisha, ukija kesho kudai wanakuonyesha ulivyokubali saa ngapi na dakika ngapi.

Sasa sikiliza, hili neno "hairudishiwi hela" ejenti wako anakuelezea nusu. Tiketi ya bei nafuu hairudishiwi pale WEWE unapoghairi, umeumwa, umepata msiba, umebadili mawazo. Shirika lenyewe likifuta ndege au likaisogeza siku mbili hapo tunaongea kitu kingine kabisa. Kila shirika lina masharti yake ya usafirishaji, yako kwenye tovuti yao, marefu na maandishi madogo lakini tafuta sehemu inayozungumzia mabadiliko ya ratiba na kurudishiwa pesa bila hiari ya abiria, yaani si abiria aliyetaka kubadilisha. Mashirika karibu yote makubwa yameandika mle kwamba wakibadilisha ratiba sana au wakifuta ndege, abiria anachagua, ama wampeleke kwa ndege nyingine bila nyongeza, ama arudishiwe pesa yote ya safari ambayo hajaifanya hata kama tiketi ni ya bei ya chini. Sana ni kiasi gani? Kila shirika lina kipimo chake, wengine masaa mawili, wengine matatu, wengine matano, lakini siku mbili hakuna kipimo kinachoikosa.

Na hizo dola 180 nakueleza zimetokea wapi. Ejenti akifungua buking yako kwenye mashine yake anaona ndege ya zamani imewekewa UN, maana yake haipo tena, na ile mpya imewekewa TK, maana yake shirika limependekeza muda mpya na linasubiri jibu. Hapo ana njia mbili. Akiitoa tiketi upya kama mabadiliko ya hiari, mashine inamdai tofauti ya nauli na faini, ndo hiyo 180. Akiitoa kama mabadiliko yasiyo ya hiari, hakuna nyongeza, ila lazima awapigie shirika wampe ruhusa, aandike ile namba ya ruhusa kwenye buking, na kupiga simu ni kusubiri kwenye laini dakika arobaini unasikiliza muziki. Sisemi ejenti wako mwizi. Pengine hajui, pengine hataki kushika simu. Mwambie hivi hivi: "nataka tiketi itolewe upya bila hiari yangu kwa sababu ya mabadiliko ya ratiba, omba ruhusa ya shirika." Akisikia unaongea hivyo atajua umeshauliza watu.

Kitu kingine, usiende kuwauliza "mna ndege gani nyingine?" Watakuambia hakuna. Kaa chini wewe mwenyewe na simu, tafuta ndege za kutoka Entebbe kwenda Guangzhou tarehe 27 na 28, za shirika hilo hilo na za wale wanaoshirikiana nao, andika namba ya ndege na saa, uwapelekee mbili au tatu. Mtu wa kaunta ukimpa namba ya ndege anaiandika na kuangalia kama kuna kiti, ni kazi ya dakika mbili. Ukimpa malalamiko matupu inakuwa kazi ya nusu saa na hana hiyo nusu saa.

kaka_wa_ntinda

Hajati usikubali kitu kidogo, dai EURO 600! Hii ni sheria ya kimataifa. Dada yangu anaishi Ubelgiji, alikuwa anakuja nyumbani, ndege yake ya Brussels kuja Entebbe ikafutwa asubuhi ile ile, wakasema hitilafu ya ufundi. Wakampa hoteli, chakula, kesho yake akasafiri, halafu alipofika akaandika barua moja tu akalipwa euro 600 zake kwenye akaunti ya benki baada ya miezi miwili. Wakati huo wote walikuwa wanamwambia achukue vocha. Watu wengi hawajui ndo maana mashirika yanatuchezea.

wakili_kijana

Kaka wa Ntinda asante kwa moyo, lakini usimpe Hajati matumaini ambayo yatamwangusha. Hizo 600 ni za sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, na dada yako alistahili kabisa kwa sababu alikuwa anaondoka uwanja wa Ulaya, na safari ni zaidi ya kilomita 3,500, na hakupewa taarifa. Hitilafu ya ufundi mahakama yao ya Ulaya ilishasema tangu 2008 kwamba kwa kawaida si udhuru, kutunza ndege ni kazi ya shirika. Lakini sheria hiyo inamfuata mtu katika njia mbili tu. Ama unaondoka uwanja wa Ulaya kwa shirika lolote, ama unatoka huku kwetu unakwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya. Hajati anatoka Entebbe anakwenda China, na hata angekuwa anakwenda Ulaya, ameambiwa wiki tano kabla. Fidia hiyo haipo kama taarifa imekuja siku 14 au zaidi kabla ya safari, inabaki haki ya kuchagua kati ya hela na ndege nyingine.

Ila wanaosoma huku ambao wana watoto wao London, kumbukeni Uingereza ilipotoka kwenye Umoja iliibakiza sheria kama hiyo, kwa safari ndefu inafika pauni 520, na inahesabu kila ndege inayoondoka Uingereza, hata ya shirika la Kiafrika. Na dhoruba au uwanja kufungwa hulipwi fidia, kama ule moto wa kituo cha umeme uliofunga Heathrow Machi 2025, lakini chakula na hoteli bado ni juu yao, na hela ya tiketi kama hutaki tena kusafiri.

Sasa Hajati kwako. Kinachokuhusu ni vitu viwili. Cha kwanza ni mkataba wako na shirika, yale masharti mzee ejenti aliyoyasema, huo ndo msingi wako na una nguvu. Cha pili ni Mkataba wa Montreal wa 1999, Uganda imo na China imo. Huo hauna bei iliyopangwa kama ule wa Ulaya, unasema shirika litalipa hasara halisi iliyotokana na kuchelewa, mpaka kikomo ambacho tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 6,303, ile hesabu ya fedha ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ni zaidi ya dola 8,000. Hasara halisi maana yake ni risiti. Hoteli uliyolipia ukakosa siku tatu, hiyo ina risiti. Oda ambayo ungepata siku ya kwanza, hiyo hakuna atakayekulipa, sikudanganyi. Na shirika linaweza kujitetea kwamba lilichukua kila hatua ya busara kukuepusha na hasara, na kwa sababu wamekuambia wiki tano kabla watasema ulikuwa na muda wa kupanga upya. Ndo maana nguvu yako yote iweke kwenye kupata ndege ya tarehe 27 au 28 SASA, usiache mpaka ikawa kesi. Kesi chini ya mkataba huo una miaka miwili ya kuifungua lakini maonesho ni Mei.

Kuhusu ejenti, kama shirika limerudisha hela kupitia kwake na yeye anaikalia (hili linatokea sana, hela hurudi ilikopitia, si kwako moja kwa moja), kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama zetu, mpaka milioni 10 za Uganda, huhitaji wakili. Unaanza na barua ya madai, asipolipa unaenda kwa msajili wa mahakama na risiti zako. Ejenti wengi barua hiyo tu inawatosha. Na UCAA pale Entebbe ndo wasimamizi wa usafiri wa anga nchini, ukiandika kwa shirika weka nakala kwao, barua yenye nakala ya msimamizi haisomwi sawa na barua isiyo nayo.

kijana_wa_koboko

Mimi nataka niongezee kuhusu vocha tu, mengine wameyamaliza.

2020 Entebbe ilipofungwa kwa abiria mwezi wa tatu nilikuwa na tiketi ya kwenda kusoma. Nikaambiwa vocha, nikachukua, nilikuwa sijui kama kuna kitu kingine. Uwanja ukafunguliwa Oktoba 1, kumbe vocha yangu ina tarehe ya kumaliza kusafiri, si ya kukata tiketi, na chuo kikanisogeza tena mpaka mwaka uliofuata. Nilipokwenda kuitumia imeshakufa siku tisa. Siku tisa. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ile tiketi. Nimelia sana ile siku na sijapenda neno vocha mpaka leo.

Kwa hiyo mwaka juzi ndege yangu nyingine ilipofutwa pale pale Entebbe usiku nilikuwa tofauti. Ilikuwa kama saa nane za usiku, watu zaidi ya mia, kuna mama mmoja mtoto wake amelala juu ya mfuko wa unga wa muhogo, na wafanyakazi wawili tu kaunta wamechoka kweli kweli. Wakaanza kupitisha karatasi, kila mtu aweke sahihi apewe hoteli. Mimi nikawasha tochi ya simu nikasoma. Juu ni mambo ya hoteli na gari la kukupeleka, sawa. Chini kabisa mstari wa mwisho umeandikwa kwamba abiria anapokea vocha ya kiasi fulani kama malipo kamili na ya mwisho, hatadai tena. Watu walikuwa wanaweka sahihi kupata kitanda, hawajui wameuza tiketi yao.

Nikamwambia yule dada wa kaunta kwa heshima, dada yangu najua si kosa lako, mimi naomba hoteli ila huu mstari wa chini siukubali, naukata kwa kalamu. Akaniangalia, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema sawa kata. Nikaukata, nikaandika pembeni "sijakubali vocha, nachagua kusafiri", nikaweka tarehe, nikapiga picha. Yule mama wa mtoto akaniomba nimsomee na yake, halafu mzee mmoja, halafu ikawa foleni kwangu. Tulisafiri siku iliyofuata jioni na mimi baadaye nikarudishiwa hela ya chakula na teksi nilizolipa mwenyewe maana nilikuwa na risiti, hata ya chapati nilikuwa nayo.

Hajati vocha si kitu kibaya kama wewe mwenyewe unaitaka na umeisoma tarehe. Lakini haiwezi kuwa ni lazima.

mama_mapazia

Wanangu na mzee wangu ejenti, Mungu awabariki, nimesoma yote mara mbili na binti yangu ameniandikia kwenye daftari. Kijana wa Koboko pole sana mwanangu kwa ng'ombe wa mama, hiyo imeniuma.

Nimebaki na hili la basi hamjanijibu. Jirani anasisitiza na yeye ni mtu wa kusafiri, anasema alishafanya. Basi la Nairobi najua ni usiku mmoja tu, Busia navuka asubuhi nimefika. Na hela ya ndege ya kwenda tu kutoka Nairobi nimeiona si kubwa sana. Nikishafika China si nina tiketi yangu ya kurudi bado?

ejenti_mstaafu

HUTAKUWA nayo Hajati, na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu limeumiza wateja wangu.

Tiketi ya kwenda na kurudi ni mnyororo. Pete ya kwanza ikikatika bila shirika kujua, mashine inakuhesabu hukutokea, na ndani ya muda mfupi inafuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi. Si mtu anafuta, ni mashine. Nilikuwa na mteja wangu, mfanyabiashara wa viatu, tiketi yake ilikuwa Entebbe, Nairobi, halafu mbele. Alikuwa na shughuli Nairobi akaona bora atangulie kwa basi akapandie pale ndege ya pili. Saa ya kuchekini Nairobi wakamwambia jina lako limefutwa. Amesimama na tiketi mkononi, imelipiwa yote, na ndege anaiona kwenye kioo. Shirika halikuwa na kosa, masharti yameandikwa. Akanunua tiketi mpya pale pale kwa bei ya siku hiyo, ilikuwa karibu mara mbili.

Jirani yako kama alifanya akafanikiwa pengine tiketi zake zilikuwa mbili tofauti, ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake. Angalia yako, kama ile namba ya buking yenye herufi sita ni moja na namba ya tiketi yenye tarakimu 13 ni moja, basi ni mnyororo mmoja. Na hapo hapo nikuambie faida ya mnyororo, maana watu wananunua vipande vipande kwa ajili ya kuokoa laki mbili: ukiwa na tiketi moja, kipande cha kwanza kikichelewa ukakosa cha pili, ni kazi ya shirika kukufikisha mwisho. Ukiwa na mbili tofauti, wa pili anakuambia mimi sijui habari za huyo wa kwanza. Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Nairobi walipogoma, tarehe 11, waliokuwa na tiketi moja walihamishiwa ndege nyingine, wale wa tiketi mbili mbili wengi walilia peke yao.

Ukitaka kweli kuanzia Nairobi, inawezekana, lakini shirika lenyewe libadilishe tiketi ianzie huko kabla hujapanda basi, na upewe tiketi mpya iliyoandikwa hivyo.

kaka_wa_ntinda

Nimesahihishwa na nimekubali, asante wakili. Hajati swali dogo, ulilipa kwa kadi au kwa mobaili mani? Kama ni kadi ya Visa au Mastercard benki inaweza kukurudishia pale huduma isipotolewa, rafiki yangu alifanya hivyo, ila usichelewe, kwa kawaida wanahesabu siku 120.

mama_mapazia

Mobaili mani, kwa namba ya ejenti. Kwa hiyo hilo limenipita. Risiti yake ninayo na ujumbe wa kutuma hela sijaufuta.

mama_mapazia

Ndugu zangu nimerudi, imepita siku nne, nawapa habari.

Nilikwenda kwa ejenti mwenyewe, sikupiga simu. Nimekaa pale kwenye kiti, nimemwambia maneno ya mzee vilevile, bila hiari yangu, omba ruhusa. Akasema Hajati hiyo haipo. Nikampa daftari la binti yangu, kuna namba za ndege tatu. Akanyamaza, akapiga simu. Kweli ule muziki upo, tumeusikiliza wote wawili dakika thelathini na tano, akaagiza chai. Mtu wa shirika alipopokea alikataa namba ya kwanza, kiti hakuna. Ya pili ni ya shirika wanaloshirikiana nalo, inatoka Entebbe Aprili 27 saa kumi na moja jioni na kufika Guangzhou 28 usiku, hiyo akasema ngoja. Tukangoja. Akarudi akasema imekubaliwa, namba ya ruhusa hii hapa, andika. Ejenti akaandika, akaitoa tiketi upya, nyongeza sifuri. Niliomba nione kwenye kioo mwenyewe na nikaona.

Hoteli nimewaandikia tu kwamba nakuja siku moja mapema, wakaongeza usiku mmoja, nimelipa shilingi laki na 30 hivi. Wakili mwanangu, hii nayo naweza kuidai?

wakili_kijana

Hongera sana Hajati! Iandikie shirika, ambatanisha risiti ya huo usiku na ile imeili yao ya kwanza, omba wakurudishie kama hasara iliyotokana na mabadiliko yao. Sikuahidi, wengine hulipa ili faili lifungwe, wengine hukataa. Kwa kiasi hicho usiende mbali zaidi ya barua, weka nakala UCAA, endelea na mzigo wako.

ejenti_mstaafu

Alhamdulillahi. Moja tu kabla hujalala. Ndege zimebadilika na shirika moja ni jingine, kwa hiyo angalia mizigo. Kwenye tiketi yako ya zamani ilikuwa mizigo mingapi? Fungua mpya uangalie kila mstari wa safari, kwenda na kurudi, maana wakati mwingine wakiitoa upya upande mmoja unaandikwa mzigo mmoja, na wewe unarudi na sampuli za mapazia, utalipishwa uwanjani kule.

mama_mapazia

Ya zamani ilikuwa miwili ya kilo 23. Nimevaa miwani nimeangalia sasa hivi. Kwenda 2PC, yaani miwili, mstari wa pili 2PC. Kurudi wa kwanza 2PC, wa mwisho umeandikwa 1PC.

ejenti_mstaafu

Kesho asubuhi rudi kwa ejenti kabla hajapata wateja wengi. Aipige ile ile simu, aseme mizigo haijafuata tiketi ya awali. Beba ya zamani uliyoichapisha, wataona.

mama_mapazia

Nimeshaitia kwenye mkoba.